Lushoto: Ukiondoa baridi na picha za 'niko Ulaya', kuna nini huko juu?

Ukipitia picha za vijana wanaokwenda Lushoto wikiendi, maelezo yanafanana: "Niko Ulaya." Nyuma kuna ukungu na miti mirefu, mbele kuna mtu kavaa jaketi zito saa nne asubuhi kana kwamba jana hakuwa Tandika na feni imewashwa hadi mwisho.

Utani huo ni wa zamani kuliko simu. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari Wilhelm II. Maofisa waliochoshwa na joto na malaria ya pwani walipanda huku kupumzika. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 mambo yakawa rahisi zaidi: treni hadi chini ya mlima, kisha barabara ya kupanda.

Wajerumani waliondolewa na Vita Kuu ya Kwanza, na jina lao likaondoka nao. Sasa mtu mwenye likizo ya siku tatu na bajeti ya kawaida anauliza: nikishapiga picha ya ukungu, nafanya nini?

Vya kufanya ni vingi, na vingi kati yake havihusiani na Ulaya hata kidogo.

Utamu unaanza Mombo

Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za lami. Si mbali, lakini usitegemee kufika haraka. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe na mwingine korongo lenye mto chini.

Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, takriban mita elfu moja juu ya Mombo. Kwa kawaida joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda. Ndiyo maana unashuka kwenye basi ukiwa na fulana na kujuta papo hapo.

Nusu ya njia ipo Soni. Hapa maporomoko ya maji yanaonekana barabarani kabisa, huhitaji kulipa wala kupanda popote. Hapa pia akina mama na vijana husogeza ndoo na vikapu dirishani mwa basi: plamu, peasi, mapichi, matunda damu, kutegemea msimu. Plamu huanza kujaa mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Ukinunua kwa ndoo, nunua wakati wa kurudi. Wengi wanafanya kinyume na kuishia kulala gesti na ndoo ya plamu zinazoiva kwa kasi kuliko wanavyoweza kula.

Irente: sehemu ambayo kila mtu anaenda, na ana haki

Kama una siku moja tu, nenda Irente. Ni kama kilomita tano au sita kutoka mjini, na kutembea kwa mguu ni bora kuliko bodaboda kwa sababu njia inapita katikati ya vijiji na mashamba ya ngazi. Mwisho wa njia ardhi inakatika ghafla. Mbele yako kuna ukuta wa mwamba unaoshuka karibu kilomita nzima hadi tambarare ya Mazinde na Mombo, na mbele zaidi nyika ya Wamasai inayopotelea kwenye vumbi. Magari ya barabara kuu yanaonekana kama punje.

Sehemu nyingine ukingoni haina uzio wowote. Selfi ya kurudi kinyumenyume hapa ni wazo baya, na upepo wa jioni una nguvu.

Njiani kuna shamba la Irente, chini ya Kanisa la Kilutheri, linalojulikana kwa jibini, mkate wa kahawia, jamu na juisi vinavyotengenezwa papo hapo. Watu hununua chakula cha mchana pale, wakaketi kwenye nyasi, wakala. Ni miongoni mwa starehe rahisi na za kweli kabisa za Lushoto. Masista Wakatoliki wa Ubiri, jirani tu na mji, nao wana jibini na jamu zao, na hata mvinyo wa ndizi. Nani anatengeneza jibini bora? Huo ni ubishi ambao wenyeji hawajaumaliza.

Ukiwa pale ukingoni angalia chini upande wa Mazinde. Katika karne ya 19 ndipo alipokaa Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Ndugu zake walibaki milimani, yeye akashuka chini kwa sababu misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita kule. Bunduki na utajiri viliingia kupitia njia hiyo. Kimweri alipofariki, vita vya kugombea madaraka vikapasua ufalme uliokuwa umeitawala milima yote hii. Wajerumani walipofika walikuta nyumba ambayo tayari ina ufa.

Ufalme huo ni wa Wakilindi. Kwa mapokeo, mwanzilishi wake ni Mbegha, mwindaji wa nguruwe pori aliyetoka Ngulu, akagawa nyama kwa Wasambaa waliosumbuliwa na nguruwe mashambani, nao wakamfanya mtawala. Mfalme alipewa sifa ya Simba Mwene. Makao makuu yalikuwa Vugha, ambayo leo unaifikia kwa kupitia Soni, na waongoza wageni wengi watakupeleka ukiomba. Kwa bahati mbaya wageni wengi hawaombi, wanaishia kuzijua nyumba za Wajerumani tu.

Msitu wa Magamba, na kwa nini wanasayansi hawaishi kuja

Juu kidogo ya mji kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kuna kiingilio, na Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho.

Ndani ni giza la kijani. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wanaruka juu ya kichwa chako, na ukinyamaza utasikia ndege kabla ya kuwaona. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka mabara mengine kutafuta ndege wachache tu wa hapa, akiwemo kwera wa Usambara.

Sababu ni jiografia. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii, zikapanda, zikapoa na kuangusha mvua. Kwa hiyo msitu ulidumu hapa kwa mamilioni ya miaka hata nyakati ambazo maeneo ya chini yalikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe waliobaki juu yake wakabadilika kivyao.

Mfano mzuri ni kinyonga. Mwaka 2006 wanasayansi walipowapa kundi moja la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na Kati jina jipya la kitaalamu, walichukua neno la Kiswahili moja kwa moja: *Kinyongia*. Mmoja wao, dume mwenye pembe mbili puani, ni wa Usambara Magharibi. Njia bora ya kumwona ni matembezi ya usiku na tochi, kwani akilala hupauka rangi na kujishika kwenye ncha ya tawi, anang'aa kwenye mwanga kama karatasi. Hana sumu, haijalishi bibi alisema nini. Mwangalie, mwache palepale.

Halafu kuna ua. Karibu kila duka la maua Ulaya na Marekani huuza kimmea chenye majani manene yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Wajerumani hadi leo wanakiita Usambaraveilchen. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Tanga, alikutana nacho huku, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakipa jina la *Saintpaulia*, la familia hiyo hiyo. Kikazalishwa kwenye vitalu vya nje kwa mamilioni. Nyumbani kwake kinaishi kwenye mawe yenye unyevu na kivuli kando ya vijito, na mti wa juu ukikatwa, jua linakiua. Ukionyeshwa kimoja msituni, usiking'oe eti ukipande sebuleni.

Ukiwa na siku zaidi

Mlalo, ambako wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo mwaka 1891, ni mji mdogo uliojibanza bondeni, na ukiuona kutoka juu utaelewa kwa nini watu hushuka garini hapo kupiga picha. Mbele zaidi, mwisho kabisa wa safu, ni Mtae na Mambo. Hapo milima inaisha kama meli iliyopanda ufukweni. Siku ambayo hakuna ukungu unaona tambarare za Mkomazi, milima ya Upare na hata Kilimanjaro.

Kosa la kawaida ni kudhani Mtae ni safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa usafiri wa umma. Ratiba ya mabasi ya vijijini haikuwekwa kwa ajili ya mtalii. Imewekwa kwa ajili ya mwanakijiji mwenye shughuli mjini: magari yanashuka alfajiri na kurudi mchana au jioni. Wewe unayetoka mjini unakwenda kinyume na kila mtu, kwa hiyo panga kulala huko.

Upande wa pili, Soni kuelekea Bumbuli, wageni ni wachache mno. Hii ni nchi ya chai. Kuanzia Bumbuli hadi kata kama Mgwashi, vilima vimefunikwa na majani ya chai yaliyokatwa usawa mmoja, katikati kuna migomba, maharage na nyumba za matofali. Maeneo haya yana msitu wa Mazumbai, kama hekta 320, ambao familia moja ya Kiswisi iliutunza ndani ya mali yake kisha ikaukabidhi kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Sasa upo chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ndani kuna nyumba ya mtindo wa Uswisi inayowashangaza wanaoiona kwa mara ya kwanza. Watafiti wanaupenda kwa sababu ni mfano adimu wa msitu wa Usambara ambao haukuguswa sana.

Mgwashi hakuna baa ya ghorofa wala mahali pa kupiga picha palipowekewa fremu. Kuna njia za miguu, mashamba, na watu watakaokusimamisha wakuulize unatoka wapi na umelala kwa nani. Jifunze maneno mawili ya Kisambaa: asubuhi "Onga mahundo", na kushukuru "Hongea". Ukiyatamka vibaya ni bora zaidi, watacheka na mazungumzo yataanza.

Si wote utakaokutana nao ni Wasambaa. Wapo Wambugu, ambao lugha yao imewasumbua wanaisimu kwa miongo: msamiati mwingi ni wa Kikushi, sarufi ni ya Kibantu.

Kabla hujapanda basi

Msimu kwanza. Masika ya Machi hadi Mei huleta utelezi, na mvua kubwa zimeshawahi kuporomosha udongo na mawe hadi barabara ya Mombo–Lushoto ikafungwa. Juni hadi Septemba ni kukavu lakini baridi ya usiku si ya mchezo. Sweta moja halitoshi. Januari na Februari pana uwiano mzuri, na matunda bado yapo.

Ukienda na gari lako, panda na ushuke mchana. Kushuka, tumia gia ndogo na usikanyage breki mfululizo, zinachemka na kuacha kushika. Madereva wa malori ya kabichi na karoti yanayokwenda masoko ya Dar wanalijua hilo, ndiyo maana wanatambaa. Usiwapigie honi.

Muongoza wageni mtafute ofisini, siyo stendi. Friends of Usambara ni miongoni mwa vikundi vilivyoanza siku nyingi, na viko vingine. Omba kitambulisho, mkubaliane bei yote kabla ya kutoka: kiingilio cha msitu kimo? Chakula? Usafiri wa kurudi? Na uliza sehemu gani ya fedha inabaki kijijini mnakopita. Njia nyingi unazofurahia zinakatiza kwenye mashamba ya watu, ambao bei ya kabichi inaposhuka Dar hupata kidogo sana kwa jasho la miezi. Chakula cha mchana kilichopikwa na mama wa kijijini, wali, maharage, mboga za majani na parachichi, ni kitamu kuliko baga ya mjini, na fedha inaingia mfukoni mwake moja kwa moja.

Picha za watu, omba ruhusa. Watoto wakikukimbilia, wasalimie, lakini usigawe pesa wala pipi barabarani. Waongoza wageni wenyewe wanalalamika kwamba inawafundisha kukwepa shule na kusubiri magari.

Fedha taslimu beba ya kutosha kabla ya kutoka mjini kwenda vijijini. Chaji simu usiku, na ukifika Bumbuli na ng'ambo yake usishangae mtandao ukipotea kwenye mabonde. Mabasi ya Dar huondoka Lushoto asubuhi mapema, kwa hiyo tiketi ya kurudi ikate jana yake, na plamu zako ziwekwe chini ya kiti, siyo kwenye buti.