Herufi Ipi Ndiyo Kosa?

Kabla seli haijagawanyika, hunakili DNA yake yote, herufi zaidi ya bilioni 6 kwa binadamu. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya viitwavyo polimerasi, navyo hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000. Makosa mengi huyanasa papo hapo: hurudi nyuma hatua moja, huing'oa herufi mbovu na kuweka nyingine. Yanayoponyoka ndiyo yenye kisa.

Tuseme G imekaa mkabala na T, ilhali mwenzi halali wa G ni C. Mahali hapo panapinda kidogo, kwa hiyo kasoro yaonekana. Lakini mkosaji ni yupi, G au T? Ukiiondoa ile iliyo sahihi, umelihalalisha kosa.

Paul Modrich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alilifuatilia fumbo hili katika bakteria wa utumboni, Escherichia coli. Kumbe, kati ya nyuzi mbili za DNA, ule wa zamani una alama za kikemia, methili, kila palipo na herufi GATC, na uzi mpya hukaa kitambo kidogo kabla ya kutiwa zake. Katika kitambo hicho, protini MutS huishika kasoro, MutL huiamsha MutH, nayo MutH huukata uzi usio na alama. Kipande kizima huondolewa, pengine herufi mamia kwa ajili ya moja tu, kisha polimerasi hulijaza pengo. Ni ubadhirifu, ila wenye faida: makosa hushuka hadi takriban moja katika herufi bilioni. Mwaka 2015 Modrich alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar.

Sisi hatuna MutH, lakini tuna ndugu za zile nyingine mbili, zikiwemo MSH2 na MLH1. Anayerithi jeni mbovu ya mojawapo ana sindromu ya Lynch, inayoongeza sana hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi. Mwaka 1895, huko Michigan, mshonaji nguo mmoja alimwambia Dkt. Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani kama jamaa zake. Ikawa hivyo; ukoo wake ulikuwa na sindromu hiyo.

Kama kwenu saratani hizo zimewapata ndugu kadhaa wa damu, hasa kabla ya miaka 50, mweleze daktari mapema. Wenye jeni hiyo mbovu huanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera wakiwa bado vijana.