Umri mrefu: je, ni damu ya ukoo au ni malezi ya maisha?

Katika vijiji vya Nanighi na vingine vingi kando ya Mto Tana, mzee akipita miaka tisini watu husema kwamba ukoo wake ni wa kuishi sana. Familia ambayo wazee wake walifariki mapema nayo husema, "Kwetu hatuzeeki." Kauli zote mbili zina ukweli kiasi. Lakini zote mbili zinaweza kumponza mtu: wa kwanza haendi kupimwa presha kwa sababu anaitegemea damu ya babu yake, na wa pili haendi kwa sababu amekwisha kukata tamaa. Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na majibu yao yanamhusu kila mkaazi.

Kwanza, umri wenyewe

Uchunguzi wowote kuhusu wazee wakongwe huanza na swali moja: alizaliwa lini? Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka wa 1997 akiwa na miaka 122, anatambuliwa kuwa ndiye aliyeishi muda mrefu zaidi kwa sababu kuzaliwa kwake kuliandikwa, na jina lake likaonekana tena na tena kwenye hesabu za watu.

Wazee wengi wa hapa kwetu hawana karatasi kama hizo. Umri wao huhesabiwa kwa matukio. Anayekumbuka vizuri majeshi ya Waingereza yakivuka Mto Tana kwenda kuwapiga Waitaliano mwanzoni mwa mwaka wa 1941, na wakati huo alikuwa akichunga mbuzi, amepita miaka themanini na huenda amepita tisini. Wengine huhesabu kuanzia mauaji ya wafungwa 11 wa Hola, Machi 1959, au mafuriko makubwa ya mwaka wa 1961. Afisa alipoandika kitambulisho kwa kukadiria, kosa la miaka mitano halikuwa jambo la ajabu. Kosa hilo lina uzito, kwa sababu malipo ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi hutolewa kwa wazee waliofikisha miaka 70.

Urithi una sehemu gani?

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya mwili, ambayo mtoto huyapata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ili kujua uzito wake katika urefu wa maisha, watafiti nchini Denmark walifuatilia jozi 2,872 za mapacha waliozaliwa kati ya mwaka wa 1870 na 1900. Mapacha wanaofanana kabisa wana jeni zilezile, ilhali wale wasiofanana wanashiriki takriban nusu, kama ndugu wengine. Kwa kulinganisha umri wa kufa wa makundi hayo mawili, watafiti walikadiria kuwa urithi unaeleza takriban robo ya tofauti za umri kati ya mtu na mtu. Sehemu kubwa iliyobaki hutokana na chakula, maji, magonjwa, kazi, ajali na bahati.

Kwa wale wanaokaribia miaka 100, uzito wa urithi huonekana kuongezeka. Nchini Marekani, ndugu wa watu waliofika umri huo wamegunduliwa kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika huko wenyewe. Hata hivyo, hakuna jeni moja ya uzee. Zipo nyingi, kila moja ikisaidia kidogo. Mojawapo ni FOXO3, ambayo mwaka wa 2008 ilihusishwa na maisha marefu ya wanaume wenye asili ya Kijapani huko Hawaii.

Jeni hutegemea mahali

Jeni nyingine iitwayo APOE ina aina kadhaa. Huko Ulaya na Marekani, aina yake ya nne huongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni na hupunguza nafasi ya kuishi sana. Lakini watafiti walipowapima wazee wa Kenya na Tanzania katika miaka ya 1990, waliikuta aina hiyo kwa wingi hata kwa wazee wenye akili timamu. Kinachodhuru kwingine si lazima kidhuru hapa kwa kiwango kilekile.

Mfano ulio karibu zaidi ni selimundu. Utafiti uliofanywa Kilifi umeonyesha kuwa mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa sana dhidi ya malaria kali. Kabla ya vyandarua na dawa za leo, kinga hiyo iliwavusha watoto wengi wa pwani, wakakua na wengine wakazeeka. Lakini mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili, anakuwa mgonjwa wa selimundu, na asipotibiwa anaweza kufa akiwa mdogo. Jeni ileile huokoa na huua.

Mkaazi afanye nini?

Jeni hazibadilishwi, lakini sehemu iliyobaki inaweza kushughulikiwa. Presha haina dalili kwa miaka mingi, na huwapata hata wenye wazazi walioishi sana. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao kote nchini kuanzia Septemba 2023, wana mashine za kupima presha na sukari nyumbani. Kila aliyevuka miaka 40 anashauriwa kupimwa.

Mtoto anayeugua mara kwa mara, anayevimba vidole au kupungukiwa damu, apelekwe hospitali apimwe selimundu. Kila familia ilale ndani ya chandarua chenye dawa.

Na kila mtoto aandikishwe anapozaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu. Mtoto wa leo akifika miaka tisini, asilazimike kuhesabu umri wake kwa mafuriko.