Kodi ya Mauzo Yataka Daftari

Mwenye duka wa Faza au Siyu huijua vyema hesabu ya shehena: mfuko wa unga ukishushwa Mokowe na kuvushwa kwa mashua, huwa umekwisha kuongeza gharama kabla haujafika dukani. Lakini iko hesabu nyingine ambayo wengi huipuuza, nayo ni hesabu ya kodi. Tangu sheria ilipobadilishwa, kuipuuza kumekuwa ghali.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa katika nchi hii mwaka 1901 haikutaka daftari. Mtoza kodi alihesabu nyumba, basi. Kodi ya biashara hufuata fedha, tena mlipaji mwenyewe ndiye mwenye kuihesabu.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Iliwahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Mahakama ya Rufani iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, lakini Mahakama ya Juu iliirudisha tarehe 29 Oktoba 2024.

La kukumbuka ni hili: kodi hiyo hutozwa juu ya mauzo yote, si juu ya faida. Sheria hiyo hiyo ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na mashua za mashini hutumia petroli. Lakini nauli ikipanda, haitolewi katika hesabu ya kodi ya mauzo.

Tuseme duka lauza bidhaa za shilingi 150,000 kwa mwezi, na faida ni 15,000. Kwa kiwango cha zamani mwenyewe angalilipa shilingi 1,500. Kwa kiwango cha mwaka 2023 ni 4,500, yaani karibu theluthi moja ya faida. Hata akipata hasara, atadaiwa.

Hata hivyo sheria iliacha mlango wazi. Mwenye biashara aweza kumwandikia Kamishna kwamba ataka kutozwa juu ya faida. Kwa viwango vya mwaka 2023, faida ya shilingi 15,000 ilitozwa asilimia 10, yaani 1,500, na nafuu ya kila mtu ilikuwa 2,400 kwa mwezi. Basi mtu huyo, kama hana pato jingine, hadaiwi kitu.

Lakini mlango huo hapiti asiye na daftari. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi ila kwa ankara ya kielektroniki. Kwa hiyo aombe ankara kila anunuapo kwa jumla, na kuihifadhi.

Karani naye aitazame hati yake ya mshahara. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, ada ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75 hutolewa kwanza katika mshahara kabla ya kuhesabu kodi. Ikiwa havikutolewa hivyo, amwulize mwajiri wake.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Leo twaweza kuongeza kwamba hata kodi, bila daftari, hulipwa kupita kiasi.