Mtoto Akikuambia Habari za Kocha: Pa Kwenda na Cha Kufanya

Msimu wa michezo ya shule ukifika, barabara za Kisumu hujaa mabasi ya wanafunzi. Timu za Seme, Nyakach na Muhoroni hukutana kupigania ubingwa wa kaunti. Washindi husonga hadi mashindano ya Nyanza, na huko hukutana na wenzao wa Homa Bay, ambao baadhi yao, kama wale wa kisiwa cha Mfangano, wamevuka ziwa kwa boti kabla ya kupanda gari. Safari kama hizo humlaza mtoto nje kwa siku kadhaa, mara nyingi katika mabweni au madarasa ya shule mwenyeji, na mtu mzima aliye karibu naye zaidi ni kocha.

Makocha wengi ni watu waadilifu wanaojitolea kwa malipo madogo. Hata hivyo, kocha ana nguvu ambayo mwalimu wa hesabu hana. Yeye ndiye hupanga kikosi, na mara nyingi ndiye aliyemtafutia mchezaji nafasi ya kusoma bila karo kwa sababu ya kipaji chake. Mtoto anayemtegemea mtu mmoja kwa namba uwanjani na kwa masomo yake huona ugumu kumkataa mtu huyo, na ugumu zaidi kumshtaki. Mzazi asiye na karo naye hujikuta amefungwa mdomo.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kushika ni hili: taarifa ya dhuluma isiishie shuleni. Mwalimu mkuu aambiwe, lakini asiwe wa kwanza wala wa mwisho kuambiwa. Shule ina jina la kulinda na kombe la kutafuta. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu katika kesi ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani. Msichana mmoja alimweleza kocha wa chuo kikuu mwaka 1997 alivyodhulumiwa na daktari huyo, lakini msichana akanyamazishwa. Nassar alikamatwa mwaka 2016, baada ya kuwadhulumu mamia ya wasichana wengine. Hapa kwetu, baada ya mwanariadha Agnes Tirop kuuawa mwaka 2021, Wizara ya Michezo iliunda kamati iliyoongozwa na Catherine Ndereba kuchunguza maslahi ya wanamichezo wa kike. Kamati kama hizo ni muhimu, ila mtoto aliyeumizwa leo anahitaji msaada leo.

Dhuluma haina sura moja. Kumchapa mchezaji kwa kukosa penalti ni kosa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumlazimisha mtoto acheze akiwa ameumia ni kumdhulumu pia. Halafu kuna dhuluma ya kingono, ambayo aghalabu huanza polepole: zawadi ya viatu, ujumbe wa usiku wa manane, mazoezi ya peke yake, siri ambayo nyumbani hawapaswi kuijua. Wavulana nao hudhulumiwa, na kwa kuwa wanaona aibu kusema, wao hunyamaza zaidi.

Mtoto akifungua mdomo, msikilize bila kumkatiza. Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Usimhoji kama askari, wala usimtake arudie habari hiyo mbele ya shangazi, mjomba na mchungaji. Chukua daftari uandike maneno yake yalivyotoka, kwa Dholuo, Kiswahili au Sheng, pamoja na tarehe na saa. Usimpigie kocha simu kumwuliza. Utakuwa umempa nafasi ya kufuta ujumbe na kumtisha mtoto.

Ikiwa kumetokea tendo la ngono, nenda hospitali kwanza, tena siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Hata ukichelewa, nenda. Mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Zikiwa na unyevu, zikaushwe kivulini, kisha zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huozesha ushahidi. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa. Huhitaji barua ya polisi ili mtoto atibiwe. Hakikisha mhudumu amejaza fomu ya PRC, inayoeleza hali aliyomkuta nayo mtoto.

Kutoka hospitali, nenda kituo cha polisi na uulize dawati la jinsia. Usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo taarifa yako imeandikwa, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya kesi. Peleka simu yenye ujumbe wa kocha, na usisahau ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha pesa alizomtumia mtoto. Polisi wakikataa kuandika taarifa, mwone mkuu wa kituo. Naye akikataa, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ina ofisi Kisumu.

Kisha mjulishe afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Kama mshukiwa ni mwalimu, ripoti pia kwa ofisi ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, katika kaunti. Waraka wa TSC namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu yeyote anayejua au kushuku dhuluma ya kingono aripoti ndani ya saa 24, na anayeificha huadhibiwa. Lakini makocha wengi si walimu wa TSC. Wameajiriwa na bodi ya shule au wanajitolea tu, na kama hawajasajiliwa kuwa walimu, TSC haina mamlaka juu yao. Kwa hao, polisi na afisa wa watoto ndio njia.

Wazee watakuja nyumbani kutaka yaishe kwa mazungumzo na fidia. Wakatalie kwa heshima. Kesi hizi ni za serikali, na chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, si mzazi wala chifu mwenye uwezo wa kuzifuta. Mwajiriwa wa shule anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Wengine watakuambia hakuna shahidi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Kuripoti si kuhukumu. Huhitaji uhakika, unahitaji sababu ya kushuku. Kazi ya kuthibitisha ni ya wachunguzi. Kwa sababu hiyo hiyo, usilitangaze jina la kocha Facebook. Utamwanika mwanao, na huenda ukaharibu kesi au ukamchafulia jina asiye na hatia.

Wazazi wana kazi pia kabla ya balaa. Kwenye mkutano wa shule, uliza kama kocha ana cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ni mwanamke gani atasafiri na timu ya wasichana, na watoto watalala wapi. Shule yenye nia njema itajibu bila kukasirika.

Kama hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure, na hupokelewa usiku na mchana. Mfundishe mwanao namba hiyo kabla hajapanda basi la timu, na umwambie waziwazi kwamba hakuna kombe wala karo inayostahili kununuliwa kwa mwili wake.