Thamani ya nguo za majina makubwa (2): Bei si shahidi

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliona jinsi jina la mshonaji lilivyoanza kuuzwa pamoja na nguo yenyewe, tangu Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba yake ya mitindo jijini Paris mwaka 1858, alipozoea kushonea lebo yenye jina lake ndani ya magauni ya wateja wake. Leo tunaingia kwenye swali lenyewe: je, nguo inayouzwa kwa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya jina hilo inastahili bei yake? Wanaoitetea hutoa sababu mbili, na mara nyingi huzichanganya. Ya kwanza ni ubora, kwamba kitambaa ni bora na mshono unadumu. Ya pili ni asili, kwamba nguo ghali hushonwa na mafundi stadi wanaolipwa vizuri huko Italia au Ufaransa, wala haitoki kwenye karakana za unyonyaji. Hoja yangu ni kwamba bei kubwa haithibitishi hata moja kati ya hizo. Ubora hukaguliwa kwenye nguo. Asili hudai ushahidi wa aina nyingine kabisa. Bei yenyewe hutueleza tu kiasi ambacho muuzaji anaamini mteja wake yuko tayari kutoa.

Tuanze na asili, maana hapo ndipo wanunuzi wanapoamini sana bila kuuliza. Julai 2025 mahakama ya Milan iliiweka kampuni ya Loro Piana chini ya usimamizi wa mahakama kwa mwaka mmoja. Loro Piana inajulikana duniani kwa nguo za kashmiri, sufu laini ya mbuzi, na hisa zake nyingi zinamilikiwa na kundi la LVMH la Ufaransa. Uchunguzi ulianza baada ya mfanyakazi mmoja kuripoti kwamba alipigwa na mwajiri wake alipodai mishahara yake. Nyaraka za mahakama zinaeleza safari ya makoti ya Loro Piana: kazi ilipewa kampuni isiyokuwa na uwezo wa kushona, nayo ikaipeleka kwa kampuni ya pili, na hiyo ya pili ikaikabidhi kwa karakana zilizoajiri wahamiaji kutoka China. Mmiliki wa mojawapo ya kampuni ndogo zilizopewa kazi hiyo alisema bei iliyokubaliwa ilikuwa euro 118 kwa koti moja kama oda inazidi makoti 100, na euro 128 kama ni pungufu. Wakati huo koti la kiume la kashmiri la Loro Piana liliuzwa kuanzia euro 3,000 hadi zaidi ya 5,000. Loro Piana ilijibu kwamba ilifichwa habari za karakana hizo, kwamba ilivunja uhusiano na mtoa huduma huyo mara ilipofahamu, na kwamba takwimu hizo haziwakilishi malipo yake wala thamani ya malighafi. Majibu hayo tuyapokee. Hata hivyo yanakiri jambo zito: mwenye jina hakujua nguo yake inashonwa wapi. Kama yeye hakujua, mteja aliyetegemea bei kumhakikishia hilo angejuaje?

Wala kesi hiyo haikuwa ya kwanza. Mwaka 2024 mahakama hiyohiyo ilichukua hatua ya namna hiyo kwa kampuni ya Alviero Martini, kwa kitengo cha uzalishaji cha Giorgio Armani na kwa kitengo cha Italia kinachotengeneza mikoba ya Dior. Katika suala la Dior, wachunguzi waliokagua karakana ndogo za pembezoni mwa Milan waliwakuta wafanyakazi wakilala humohumo kazini ili wapatikane saa yoyote, na mashine zikiwa zimeondolewa vifaa vya usalama ili ziende kasi. Ushahidi mwingine ulitoka kwenye matumizi ya umeme: rekodi zilionyesha mashine zikifanya kazi mchana na usiku, hata siku za sikukuu. Mkoba uliouzwa dukani kwa euro 2,600 ulilipiwa euro 53 za kuuunganisha, mbali na ngozi na malighafi nyingine. Ni haki kusema kwamba kampuni hizo kubwa hazikushtakiwa kwa jinai. Kosa lililoonekana ni kushindwa kuwasimamia watoa huduma wao, na usimamizi wa mahakama kwa Dior na Armani uliondolewa mapema mwaka 2025 baada ya kurekebisha mambo. Lakini tazama kwa makini: bidhaa hizo zilitengenezwa Italia kweli. Lebo haikusema uongo. Mnunuzi ndiye aliyeongezea maana ambayo lebo haikubeba, akadhani kwamba kutaja nchi ni kutaja hali ya mfanyakazi.

Inakuwaje pesa nyingi hivyo zilipwe juu na chache hivyo zifike chini? Fundi wa Kariakoo akikupangia bei ya suti, anaanzia chini: mita za kitambaa, bitana, vifungo, zipu, siku za kazi, kisha chake cha kuondoka nacho. Nyumba kubwa ya mitindo huanzia juu. Huamua kwanza nguo iuzwe kwa kiasi gani ili ilinde heshima ya jina, halafu gharama za chini zikibanwa, faida inaongezeka bila bei kushuka hata senti. Kwa kuwa kazi hupita mikononi mwa madalali wawili au watatu, na kila mmoja hukata chake, anayeshika sindano hupata makombo. Hapa mtetezi atasema kwamba natazama mshono tu na kusahau wabunifu, malighafi ya daraja la juu, kodi za maduka ya Paris na Dubai, na matangazo. Ni pingamizi la haki, na linajibika kwa hesabu za kampuni zenyewe. Mwaka 2023 kitengo cha mitindo na bidhaa za ngozi cha LVMH kilipata mapato ya takriban euro bilioni 42.2 na faida ya uendeshaji ya takriban bilioni 16.8. Maana yake, katika kila euro 100 zilizoingia, karibu 40 zilibaki baada ya kulipia wabunifu, malighafi, maduka na matangazo. Nafasi ya kumlipa mshonaji ujira wa kisheria ilikuwapo, na ilikuwa kubwa mno. Ndiyo maana unyonyaji kwenye nguo ghali unatia uchungu zaidi: hauna hata kisingizio cha ufinyu wa faida.

Pingamizi la pili ni la kifalsafa zaidi. Husemwa kwamba mavazi ni sanaa, na hakuna anayepima thamani ya picha kwa bei ya rangi zilizotumika. Nakubali. Mtu anayenunua gauni kwa sababu mkato wake ni wa kipekee, na fedha yake anayo, hana deni kwetu la kujieleza. Ila hoja hii ikikubaliwa, lazima ikubaliwe yote. Kama bei ni ya ubunifu na jina, basi si uthibitisho wa ujira wa haki, na muuzaji asiruhusiwe kutumia picha za mafundi wazee wenye mikono ya ustadi kutushawishi vinginevyo. Aseme anauza jina, nasi tutaamua kama tunalitaka.

Tuje kwenye ubora, ambao ndio upande wenye nguvu zaidi wa watetezi. Zipo nguo ghali zilizo bora kweli. Koti ambalo tabaka la ndani la kifua limeshikizwa kwa sindano ya mkono hukaa vizuri mwilini na kudumu zaidi kuliko lililogandishwa kwa gundi. Katika karakana za Hermès, mkoba wa ngozi kwa kawaida hushonwa na fundi mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Lakini ubora huo unaonekana, na wanunuzi wa mitumba wa Gikomba na Karume wanajua kuukagua kuliko wengi wanaonunua kwenye maduka yenye viyoyozi. Wao huigeuza nguo nje ndani. Hutazama kama mistari ya kitambaa inakutana vizuri begani na mfukoni, kama ndani ya mshono kimeachwa kitambaa cha kutosha kupanulia siku mwili ukiongezeka, kama bitana imevutika kwapani, kama zipu inateleza bila kukwama. Mbele ya vipimo hivyo majina huanza kutengana. Suti nzuri hupita. Fulana ya pamba iliyochapwa jina kifuani mara nyingi haina kitu ambacho fulana ya bei ya kawaida haina, isipokuwa hilo jina. Baada ya kiwango fulani ubora hupanda polepole huku bei ikiruka, na tofauti hiyo yote hulipia hadhi.

Wapo watakaosema: bora hata hivyo kuliko nguo za bei ya kutupa. Rahisi ni ghali, na jengo la Rana Plaza lililoporomoka nchini Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100 lilikuwa na viwanda vilivyoshonea maduka ya bei nafuu. Ni kweli tupu, na wala siwatetei wauzaji hao. Ila ukiweka Rana Plaza na karakana za Milan pamoja, utaona bei haikumlinda mfanyakazi wa chini wala wa juu. Kinacholinda ni ukaguzi, chama cha wafanyakazi, na sheria inayombana mwenye jina awajibike kwa watoa huduma wake, kama Ufaransa ilivyoanza kufanya kwa makampuni makubwa mwaka 2017.

Basi hukumu yangu ni hii. Nguo ghali inastahili bei yake pale tu ambapo mshono wake unajitetea mkononi mwa mtu anayejua kushona, na muuzaji anaweza kutaja karakana iliyoishona na kuthibitisha jinsi inavyowalipa watu wake. Ikikosa la kwanza, umenunua jina. Ikikosa la pili, huenda umelipa zaidi ya mara ishirini ya ujira wa mtu aliyelala chini ya mashine. Kwa kipimo hichohicho, suti ya fundi unayemjua, ambaye umeona anakofanyia kazi na mkapatana ujira uso kwa uso, mara nyingi inaishinda ile ya mbali kwa ubora unaoulipia na kwa asili unayoweza kuiapia. Katika sehemu ya tatu tutaitazama pamba ya kanda yetu, na kwa nini sehemu kubwa yake huuzwa nje kabla haijawa uzi.