Nguvu ya Nzi Bandia Imo Katika Waya na Msokoto

Trauti ana meno kwenye taya, kwenye paa la kinywa na hata juu ya ulimi. Akimdaka nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, akapigana na mshipi, kisha akafika ukingoni na kutolewa ndoana kwa koleo, unyoya uliofungwa ovyo hukatika na mwili wote hufumuka. Samaki mmoja tu, na mvuvi amebaki na ndoana tupu. Nzi aliyefungwa barabara huvua asubuhi nzima na kesho yake akarudi mtoni.

Kazi ya kufunga nzi hawa ina watu wake hapa Kenya. Trauti si samaki wa asili wa mito yetu: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Uskoti, wakatiwa kwenye mto Gura katika milima ya Nyandarua. Wavuvi walikuja na ndoana zao, na ufundi wa kuzivisha manyoya ukashika mizizi mikononi mwa Wakenya. Leo nzi wanaofungwa Kenya huuzwa Ulaya na Marekani. Huuzwa kwa dazeni, na hapo ndipo kishawishi kilipo, kwa sababu fundi anayekimbizana na dazeni anaweza kupunguza mizunguko miwili ya waya na mnunuzi dukani asijue. Atajua mtoni.

Tuanze na msokoto. Mwili wa nzi wengi hutengenezwa kwa manyoya laini ya mnyama, yanayosokotwa juu ya uzi uliopakwa nta na kisha kuzungushwa kwenye shina la ndoana. Anayeanza hukosea kwa wingi: hubandika fungu nene la manyoya, akapata kamba iliyolegea ambayo jino la kwanza linaivua kama soksi. Fundi huchukua manyoya kidogo sana, kiasi cha kutia uzi kivuli tu, akayabana kati ya kidole gumba na cha shahada, akasokota upande mmoja. Upande mmoja tu. Kusugua kwenda na kurudi hufumua kile kilichokwisha kusokotwa. Mwili ukihitaji unene, huongeza tabaka la pili juu ya la kwanza.

Aina ya manyoya nayo ina sauti. Nzi mashuhuri wa Uingereza anayetengenezwa kwa manyoya ya sikio la sungura anafaa kuwa darasa. Nywele za sikioni ni fupi na ngumu. Peke yake hazishiki uzi hata kwa nta. Huchanganywa na manyoya laini ya shavuni, na hayo laini ndiyo yanayofunga zile ngumu, huku ncha zake zikichomoza nje na kutikisika majini mithili ya miguu ya mdudu.

James Leisenring, mvuvi wa Pennsylvania ambaye kitabu chake kuhusu nzi wa kuzama kilitoka mwaka 1941, hakusokota kwa vidole. Alilaza uzi wa hariri wenye nta juu ya paja la suruali, akapanga manyoya, akalaza uzi wa pili juu yake, kisha akaviringisha kwa kiganja. Mama wa Machakos anayesokota nyuzi za katani pajani kwa ajili ya kiondo angeitambua kazi hiyo mara moja. Manyoya yaliyobanwa kati ya nyuzi mbili hayategemei nta pekee, na ndiyo maana mafundi wa leo hutengeneza kitanzi cha uzi, wakaingiza manyoya katikati na kukizungusha kwa kijiti chenye uzito. Ni kazi ya sekunde chache zaidi, na kwa maoni yangu hakuna nzi mkubwa anayepaswa kufungwa bila hiyo.

Sasa waya. Wengi huuona kama pambo, mistari ya dhahabu inayofanana na pingili za mdudu. Ni pambo kweli, lakini kazi yake kubwa ni ulinzi. Nyuzi za unyoya wa tausi au wa mkia wa fezanti hukatika upesi. Waya ukizungushwa kufuata upande uleule wa nyuzi hizo, huzama katikati ya mizunguko yake na haulindi chochote. Ukizungushwa kinyume, hukatiza juu ya kila uzi, hivyo hata mmoja ukikatwa na jino, nyingine zinabaki mahali pake. Unyoya wa jogoo uliozungushwa mwili mzima huhitaji ulinzi huohuo, maana uti wake ukikatika mara moja wote unafumuka.

Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza, alifika mbali zaidi: aliacha uzi kabisa. Alisokota nyuzi za mkia wa fezanti pamoja na waya mwembamba wa shaba na kuzungusha vyote kwa pamoja, akapata uzito na uimara kwa mkono mmoja.

Mahali pa kufeli ni mwisho, karibu na kichwa. Waya uliozungushwa kinyume husukumwa ulegee na mizunguko ya uzi unaoufunga, kwa hiyo ushikwe umekazwa, uzi upite nyuma yake na mbele yake. Kisha usikatwe kwa mkasi. Upindwe huku na huku mpaka ukatike wenyewe shinani, usiache ncha kali ya kukata uzi. Na wavuvi wengi wanaotumia nzi wa sikio la sungura watakuambia kwamba nzi wao huvua vizuri zaidi akishachakazwa na meno, manyoya yametimka kila upande, mradi waya bado umeshika.