Haragwe na Majina Yake: Mbegu za Rangi Nyingi katika Bustani za Sondu

Mnunuzi aingiaye katika soko la Sondu akitaka maharagwe hawezi kusema kwamba anataka maharagwe kisha akaishia hapo. Ataulizwa ni yapi. Mbele yake mna marundo juu ya magunia yaliyotandazwa: mekundu madogo, mekundu makubwa yaliyokoza hata kukaribia weusi, ya manjano, meusi tititi, ya rangi ya maziwa yenye michirizi ya kahawia, na yale yenye mabaka ya waridi. Kila rundo lina jina lake, na mwuzaji ashikapo gorogoro kupima, jina ndilo analolitangulizia bei.

Sondu ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Mji huu umo mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, kando ya mto uitwao Sondu au Miriu, uteremkao kutoka nyanda za Mau hadi ghuba ya Winam. Hapa hukutana barabara itokayo Kisumu kupitia Ahero kuelekea Kisii na ile itokayo Kericho. Mjaluo wa Nyakach, Mkipsigis wa ng'ambo ya pili na Mgusii wa milimani hununua na kuuziana, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Uhusiano huo si wa amani siku zote. Machafuko ya mpakani ya mwaka 2023 yaliua watu na kuvuruga biashara. Hata hivyo mbegu zimevuka mpaka huo kwa muda mrefu, na zimevuka pamoja na majina.

Kwanza ifahamike kwamba haragwe la kawaida si mmea wa asili ya Afrika. Lilianza kulimwa Amerika, tena katika sehemu mbili zilizo mbali: upande wa Meksiko na Amerika ya Kati, na upande wa milima ya Andes. Yamkini lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa vyombo vya Wareno tangu karne ya 16. Alama ya asili hizo mbili ingali inaonekana katika gorogoro: mbegu ndogo kama zile nyekundu ziitwazo Wairimu ni za ukoo wa Amerika ya Kati, ilhali zile nene kama Rosecoco ni za ukoo wa Andes. Wenyeji walikuwa na jamii ya kunde kabla ya hapo. Katika Dholuo kunde huitwa boo na njugumawe huitwa bande. Haragwe geni lilipokelewa likaitwa oganda, neno ambalo katika lugha hiyo lina pia maana ya umma au kabila. Wasomaji wa Grace Ogot watamkumbuka msichana Oganda katika hadithi ya mvua iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968); hadithi yenyewe hueleza kwamba maana ya jina lake ni maharagwe. Wabukusu nao husema kamakanda. Mfanano wa maneno hayo katika lugha ya Kinailoti na lugha ya Kibantu unaashiria kwamba jina, kama mbegu yenyewe, lilipitia ua wa jirani.

Tukirudi katika marundo ya sokoni, majina ya aina mojamoja yana tabia ya kupendeza. Kamusi za Kiswahili humpa msomaji neno haragwe, zikamweleza kwamba ni mbegu ya mmea fulani itumiwayo kwa mboga, basi. Soko lina zaidi. Yamo majina ya watu: Wairimu ni jina la mwanamke wa Kikuyu. Yamo majina ya siasa: Nyayo ni neno ambalo Mkenya wa umri fulani hawezi kulisikia bila kukumbuka utawala wa Rais Moi, 1978 hadi 2002. Yamo majina ya kigeni yaliyobaki na ugeni wao: Canadian Wonder, haragwe jekundu la kuiva, halina lolote la Kanada machoni pa mlaji wa Sondu. Na yamo majina ambayo kwa kweli ni nambari. Mradi wa utafiti wa mikunde uliokuwa Thika katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliteua aina bora kutoka mbegu zilizokusanywa, kisha ukazipa alama za GLP: Rosecoco ikawa GLP 2, Canadian Wonder GLP 24, Wairimu GLP 585, Mwitemania GLP X92, na Mwezi Moja GLP 1004. Baadaye Kakamega ikaleta KK 8 na KK 15, Katumani ikaleta KAT B1 na KAT B9. Wakulima hawakuzikataa alama hizi, ila aghalabu walizipa majina mengine zilipofika nyumbani.

Jina Mwezi Moja linastahili kutuliwa kidogo. Mwalimu wa sarufi atalisahihisha papo hapo, kwani mwezi ni nomino ya ngeli ya u-i na kivumishi chake ni mmoja. Lakini vitabu vya kilimo, orodha za mbegu na magunia ya sokoni vyote vimeandika Mwezi Moja, na hakuna asahihishaye. Ni Kiswahili cha bara kilichoganda ndani ya jina. Wala maana yake si ya kuaminiwa neno kwa neno: hakuna haragwe likomaalo kwa mwezi mmoja, hili huhitaji miezi miwili na zaidi kidogo. Jina linasema tu kwamba ni la mapema, nalo lilimfaa mkulima aliyehofia mvua kukatika.

Shida ni kwamba jina moja halimaanishi mbegu moja kila mahali. Liitwalo Nyayo katika soko moja huitwa Rosecoco katika jingine, na katika la tatu Nyayo ni haragwe jekundu tupu lisilo na mabaka. Anayekusanya aina za maharagwe kwa majina pekee atarudi nyumbani na mifuko mitano ya kitu kimoja, au mfuko mmoja wenye vitu vitano. Inambidi aangalie mbegu yenyewe: umbo lake, rangi ya msingi, rangi ya mabaka, na jicho, yaani kile kidoa pale mbegu iliposhikana na ganda, ambacho huweza kuzungukwa na pete ya rangi nyingine. Hapa Kiswahili hujaribiwa. Kina maneno asilia ya weupe, weusi na wekundu. Rangi nyingine nyingi hukopa majina ya vitu, kama manjano, kijivu, kahawia na zambarau. Madoa ni kitu kimoja, madoadoa kingine, mabaka kingine na michirizi kingine, na mchambuzi wa maharagwe huzitumia tofauti hizo kwa usahihi kuliko mwanafunzi wa insha.

Mahali aina hizi zinapodumu si shamba kubwa. Shamba hupandwa kile kinachouzika, na soko hupenda rundo la rangi moja. Mchanganyiko aghalabu hupunguziwa bei. Kwa hiyo aina zisizo na mnunuzi hukimbilia orundu, kibustani cha karibu na nyumba, ambacho kwa desturi huangaliwa na mama wa boma. Humo mistari miwili au mitatu ya haragwe lisilojulikana sokoni hupandwa kwa sababu huiva upesi jikoni, au linafaa kwa nyoyo, ule mseto wa mahindi na maharagwe, au kwa sababu tu mkwe alimpa mkaza mwana mbegu zake alipoolewa. Yako maharagwe ya kichaka na yako ya kutambaa, na haya ya pili hupandishwa juu ya mabua ya mahindi au vijiti. Nchini Rwanda wakulima wamejulikana kwa kupanda michanganyiko ya aina nyingi katika shamba moja kwa makusudi, ili mvua au maradhi yakiangusha aina moja nyingine isimame. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 vituo vya utafiti vililazimika kuanzisha mpango maalumu wa kurudisha mbegu nchini humo. Sondu haijafikwa na msiba wa kiasi hicho, lakini aina ya haragwe hutoweka kimya zaidi kuliko hapo: familia ikila mbegu msimu mmoja wa njaa, inatosha.

Mtu atakaye kutunza aina kadhaa katika bustani moja ana bahati kwamba haragwe hujichavusha lenyewe. Kwa kawaida ua huwa limekwisha kujichavusha kabla halijafunguka, hivyo aina mbili zilizotenganishwa kwa hatua chache hubaki zilivyo. Nyuki wakubwa huvuruga utaratibu huo mara mojamoja, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Gamba la mbegu, ambalo ndilo lenye rangi, ni sehemu ya mmea mama. Mbegu iliyochanganyika mwaka huu huonekana sawa kabisa na mama yake. Ikipandwa, mmea wake huzaa mbegu zenye sura mpya, zote zikiwa sawa. Zikipandwa hizo nazo, ndipo rangi hutawanyika: nyeusi hapa, madoadoa pale, kahawia kule. Mkulima husema mbegu imegeuka, na wapo wadhanio pana mkono wa mtu. Kilichotokea kilitokea misimu miwili nyuma, uani. Wakati mwingine aina mpya ya kupendeza huzaliwa hivyo. Aitakaye ile ya zamani sharti aling'oe geni mapema.

Mbegu ya kupanda haichaguliwi kutoka rundo la chakula. Huchaguliwa shambani, mmea ungali umesimama. Mimea yenye afya hufungwa uzi, nayo yenye majani ya mabaka ya manjano au maganda yenye vidonda vyeusi huachwa kwa sufuria, kwa sababu maradhi kadhaa ya haragwe husafiri ndani ya mbegu. Maganda yakikauka huvunwa kando na kuanikwa. Mbegu iliyokauka vizuri haiachi alama ya jino ikiumwa. Kisha huja vita na fukusi, mdudu mdogo ambaye mabuu yake huingia ndani ya mbegu na kula kiini, akaacha tundu la mviringo atokapo. Jivu safi lililochungwa, likichanganywa na mbegu hadi kujaza nafasi zote, humzuia mdudu kutembea na kutaga. Chupa ya plastiki iliyojazwa hadi shingoni na kufungwa sana humnyima hewa. Dero la zamani lilifaa nafaka kuliko mbegu chache za haragwe. Hata zikihifadhiwa vyema, mbegu katika joto la ziwani hupoteza uhai mwaka baada ya mwaka, hivyo mkusanyaji hana budi kupanda kila aina tena baada ya miaka michache.

Kwa miaka mingi kitendo cha kumpa jirani mbegu hizo kwa malipo kilikuwa na hatari ya kisheria. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya, Sura ya 326, iliyorekebishwa mwaka 2012, iliharamisha uuzaji na ubadilishanaji wa mbegu zisizothibitishwa, kwa adhabu ya hadi miaka miwili gerezani au faini ya hadi shilingi milioni moja. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walifika mahakamani kuipinga. Mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kugawana mbegu vinakiuka Katiba. Hoja ya waliotunga sheria haikuwa ya upuuzi, kwani mbegu bandia zimewafilisi wakulima wengi. Ila gorogoro la maharagwe ya mkwe na pakiti ya udanganyifu ni vitu viwili, na sheria haikuwa imevitofautisha.

Serikali ina hazina yake ya mbegu huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako sampuli hutunzwa kwenye baridi kali. Mbegu hudumu humo muda mrefu kuliko chupani. Lakini mbegu iliyoingia bila jina la nyumbani hubaki nambari, na hakuna mashine ya kulirudisha jina hilo, wala habari ya kwamba huiva upesi au kwamba hufaa kwa nyoyo. Habari hiyo huandikwa siku mbegu inapopokelewa au haiandikwi kamwe: jina kama alivyolitamka mtoaji, lugha yake, kijiji, mwezi wa kuvuna, na matumizi. Karatasi hiyo hutiwa ndani ya chupa pamoja na mbegu, si kubandikwa nje, na huandikwa kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu hufifia.